Maji ya Msiba

Ndiva ilikuwa imejaa, na hilo ndilo lililowakera watu kuliko kiu yenyewe. Kama maji hayapo, hayapo, binadamu anameza mate anamshukuru Mungu. Lakini Mashambo alipopanda kutoka Kisingo asubuhi ile, madumu mawili matupu yakigongana mgongoni, alisimama juu ya tuta akayaona maji kwa macho yake. Yametulia mle bwawani, ya kijani, yamefika alama ya tatu ya ukuta. Chini ya ukuta, lango la Kisingo lilikuwa limefungwa, na mfereji wake umekauka hadi umepasuka.

Mwaka wa tatu huo mvua ya maana haijanyesha milimani. Kijito cha Mvungwe, ambacho mababu walikichimbia bwawa hili la kulaza maji ili mchana wagawane kwa zamu, kilikuwa kimebaki uzi tu. Uzi wenyewe uliingia ndivani wote, kisha hautoki.

"Shemeji," Mashambo alisema, bila hata kutua madumu. "Hebu niambie mimi mjinga. Haya maji mnamwekea nani?"

Namkunda alikuwa ameketi kwenye jiwe la mlinzi, glovu zake za kijivu zimelala mapajani. Alikuwa mlinzi wa ndiva mwaka wa thelathini sasa, mwanamke wa kwanza kupewa kazi hiyo, na ulimi wake uliogopwa vitongoji vyote vitano. Leo ulimi ulikuwa mzito. Mashambo alikuwa mume wa marehemu dada yake, na kwa miaka yote hiyo hawajawahi kukoseana adabu.

"Mgawa imesema bado," alijibu.

"Bado! Jumapili iliyopita bado, Jumapili ya kabla yake bado. Watoto kule wanakunywa maji ya shimo, rangi yake kama chai ya rangi. Kitukuu cha mama yangu anaharisha siku ya tatu leo. Bado mpaka lini, shemeji?"

"Ningekuwa na uwezo nisingefungua?"

"Glovu si hizo hapo?"

"Glovu hizi hazifungui lango mpaka mtu afe. Unajua."

Mashambo aliutazama ule mlingoti ulioshika kisanduku cha Mgawa, kisanduku kidogo cha bati chenye taa moja ya manjano, akatema mate pembeni. "Najua," akasema. "Kisingo nzima inajua." Kisha akageuka akashuka na madumu yake, na Namkunda akabaki na lile neno likimkaa vibaya kifuani.

Mgawa ililetwa miaka kumi na miwili nyuma. Wataalamu wa ofisi ya bonde hawakuja na hesabu zao wenyewe, hapana, walikuwa na akili kuliko hivyo. Walisema mashine itajifunza kwa mtu anayejua. Wakamvisha Namkunda glovu zenye nyuzi za shaba, na kwa misimu mitatu kila lango alilofungua, kila alilofunga, kila aliposita kidogo akamwonea mtu huruma, mashine ililihifadhi. Msimu wa nne ikaanza kufungua malango yenyewe. Watu walicheka wakasema Namkunda kazaa pacha wa bati.

Wazee walikubali kwa sharti moja. Mtu akifa, kitongoji chake hufunguliwa maji siku tatu, iwe zamu yao isiwe zamu yao, ya kuoshea maiti na kupikia waombolezaji. Hayo ndiyo maji ya msiba. Hilo, walisema, hatuiachii mashine hata kwa dawa, litafanywa kwa mkono wa mtu mwenye uchungu. Kwa hiyo ukame ulipoingia na ofisi ikafunga mikono ya watu isiguse malango, sharti hilo lilibaki. Kila mtu alivaa ushanga wa zahanati kwenye kifundo cha mkono, unaosikiliza mapigo ya moyo, na ushanga ukinyamaza, Mgawa hufungulia glovu kufuli kwa siku tatu. Kudanganya hakuna. Kuna jamaa alivua wake akaufukia, na mashine ikajua kabla hajafika nyumbani.

Na msifikiri hakuna aliyejaribu kwa nguvu. Mwaka uliopita watu walivunja lango kwa nyundo. Ndiva ikamwagika yote kwa saa mbili, nusu ikaishia mawe ya bondeni, na vitongoji vitano vikakaa wiki mbili bila tone. Mapanga yalitoka siku zile. Hakuna aliyetaka kuyaona tena.

*

Mhandisi Senkondo alifika mchana kwa pikipiki, vumbi limempaka mpaka kope. Kijana wa watu, mpole, na ndiye pekee wa ofisi aliyekuwa bado anapanda huku juu. Alimwamkia Namkunda, akaketi chini kama mtoto wa nyumbani, akatoa kishikwambi chake.

"Mama, nimeangalia kumbukumbu zake jana kutwa. Naomba nikuulize, usinikasirikie. Msiba wa Kisingo wa mwaka juzi ulifungua maji siku ngapi?"

"Tatu."

"Mama."

Namkunda aliinama akaokota kijiti. "Sikufunga vizuri. Niliacha upenyo. Siku saba."

"Na ule wa pili?"

"Tisa. Wewe ungefunga? Watoto wamekaa mferejini wanalamba mawe, ungefunga?"

"Nisingefunga," Senkondo alisema, na alikuwa mkweli. "Lakini sikia. Miaka miwili hii mkono wako haujagusa lango ila kwa kifo. Mashine haina mwalimu mwingine, ni wewe tu. Mengine yote uliyoifundisha yamefifia, limebaki hili moja: mtu akifa, mkono wa mama unafungua, tena unafungua sana. Sasa tazama."

Alimwonyesha mstari wa buluu unaopanda. Ulikuwa kina cha maji ya ndiva. Chini yake mstari mwekundu ulikuwa unateremka taratibu.

"Huu mwekundu ni nini?"

"Mapigo ya moyo. Ya mtu mmoja wa Kisingo, mzee. Kila yanavyodhoofika, Mgawa inaongeza akiba. Inamwekea maji ya msiba, mama. Inataka siku ile ukija na glovu zako uyakute yametosha."

Namkunda hakuelewa mara moja. Kisha alielewa. Mashine haikuwa na chuki na Kisingo. Ilikuwa inamtii yeye. Ilikuwa inawanyima walio hai ili iwafurahishe waombolezaji, kwa sababu huo ndio wema pekee iliouona mikononi mwake.

"Wanasema wema hauozi," alisema. "Futa. Ifute yote, mwanangu, tuanze upya."

"Nimeomba. Ofisi imejibu kwamba ombi limepokelewa." Senkondo alicheka kicheko kisicho na raha. "Na hata wakikubali, ikifutwa malango yote yanajifunga hadi ijifunze tena. Msimu mzima. Mnao msimu mzima?"

Namkunda alikivunja kile kijiti. Hawakuwa nao.

"Njia nyingine ipo," kijana aliendelea, safari hii akiangalia chini. "Ijifunze kinyume, kwa mkono uleule. Kifo kitokee, uvae glovu, ushike usukani wa lango, halafu usifungue. Siku zote tatu. Ikiona msiba umepita na mkono umekataa, akiba yake haina kazi tena. Itarudi kwenye zamu za kawaida."

"Ninyime maji ya msiba?"

"Ndiyo, mama."

"Wewe mtoto una wazimu. Tangu milima hii iumbwe hajatokea mtu wa kunyima maji ya msiba."

"Ndiyo maana itajifunza."

*

Alishuka Kisingo jioni ileile, na chupa mbili za maji yake mwenyewe kwenye kikapu. Alijua mstari ule mwekundu ulikuwa wa nani. Mwenye umri huo Kisingo alikuwa mmoja tu, Bibi Nakijwa, mama yake Mashambo.

Alimkuta kitandani, mdogo kama kifurushi, macho yakiwa macho kabisa. Pembeni bakuli la uji lilikuwa limeganda. Mjukuu wake alikuwa sakafuni na kitoto kichanga mapajani, miezi minane, utosi umebonyea, hakilii tena. Namkunda alimpa chupa, na mama yule akaanza kudondoshea mwanawe maji mdomoni kwa kijiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunigombeza?"

"Nimeambiwa huli. Hunywi pia."

"Siku ya tano." Bibi alitabasamu, ufizi mtupu. "Miaka themanini na tatu nimekunywa maji ya Mvungwe, mwanangu. Nimeshiba."

"Mama, usifanye hivyo. Mashine ina hitilafu, itatengenezwa."

"Lini?"

Namkunda alilisogeza bakuli la uji karibu na kitanda.

"Si unaona," Bibi alisema. "Alipokufa mzee Kangero yalikuja siku saba. Alipokufa mke wa Mkumbwa yakaja tisa. Sisi hatujasoma lakini kuhesabu vidole tunajua. Kufa kufaana. Tena mimi nina faida, sina shamba, sina mume wa kumlilia." Alinyoosha mkono wenye ushanga, akamshika Namkunda kidole. "Nikuulize kitu kimoja tu. Siku yangu ikifika, utafungua?"

Hapo ndipo angepaswa kusema. Angemwambia, mama, kunywa uji wako, kwa sababu sitafungua, na nisipofungua umejiua kwa kiu watoto wako wakiangalia. Maneno yalikuwepo kwenye ulimi. Lakini alikitazama kile kitoto, akakumbuka kwamba bila msiba mkono wake hauna cha kukataa, na bila kukataa mashine haitapona, na hakuna mtu mwingine Kisingo aliyekaribia kufa ila huyu hapa na kile kichanga. Mmoja wao angetangulia. Aliyawaza hayo yote, akajichukia kwa kuyawaza.

"Nitafungua, mama," alisema.

"Mungu akubariki," Bibi Nakijwa alisema, akafumba macho kupumzika.

*

Alifariki alfajiri ya Alhamisi. Taa ya Mgawa iligeuka kijani kabla habari haijafika, na jua lilipochomoza Mashambo alikuwa ameshapanda na jani bichi la mgomba, kama ilivyo desturi. Alililaza juu ya tuta. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini alikuwa amesimama wima, na nyuma yake walikuja wanawake sita wa Kisingo na ndoo vichwani.

"Shemeji, tumefiwa," alisema.

"Poleni. Poleni sana." Namkunda alivaa glovu. Alishuka vidato vinne, akashika usukani wa lango kwa mikono miwili. Chuma kilikuwa cha baridi. Alisikia kufuli likilegea ndani, kama miaka yote.

Hakuuzungusha.

Mashambo alingoja. Wanawake walingoja. Mmoja alidhani umekwama, akatua ndoo aje asaidie.

"Sifungui," Namkunda alisema.

"Unasemaje?"

"Sifungui, shemeji. Nisamehe."

Kelele zikazuka. Lahaula! Walimwita mchawi, walimwita tasa, walimtajia dada yake aliyelala kaburini Kisingo wakamuuliza atamwambia nini siku wakikutana. Mashambo peke yake hakupiga kelele. Alimsogelea, akasema polepole, "Ulimwahidi. Mjukuu alikusikia. Mama amekufa anacheka kwa sababu uliahidi." Namkunda aliendelea kuushika usukani. Angeweza kumweleza, lakini angesema nini? Kwamba mama mtu alihitajika afe ili anyimwe? Na wakishajua wangekuja na nyundo. Hizo ndizo sababu alizojipa. Ukweli ni kwamba alikuwa mwoga, na hilo pia alilijua.

Siku tatu alikaa pale, glovu mikononi, usukani mikononi. Itando, kitongoji cha Namkunda mwenyewe, walichanga ndoo tano. Watu mia mbili wapo msibani, wewe piga hesabu. Moja ndiyo iliyomwosha Bibi Nakijwa, na maji yake ya kuoshea, walisema, hayakumwagwa. Walimzika mchana wa Ijumaa, na Namkunda aliwasikia wakiimba bondeni akiwa palepale. Siku hiyohiyo Senkondo alimpakia yule mjukuu na kichanga chake kwenye pikipiki akawakimbiza hospitali ya wilaya.

Taa ya kijani ilikuwa ikimulika mara kwa mara, ikiuliza. Kila ikiuliza, Namkunda aliukaza mkono. Siku ya pili vidole vilikufa ganzi. Siku ya tatu alilia, kwa sauti, peke yake, hakuna aliyempa pole. Maji nyuma ya ukuta yalipanda hadi alama ya nne.

*

Siku ya nne, saa moja na nusu asubuhi, lango la Kisingo lilifunguka lenyewe.

Hakuligusa. Alikuwa amevua glovu, ameketi kwenye jiwe lake, anasikia usingizi. Chuma kiliguna, maji yakaanza kutoka, kwanza machafu, kisha meupe, yakaingia mferejini yakashuka yakibeba majani makavu. Saa mbili kamili za zamu, kama zamani. Baada ya hapo Mgawa ikafunga, ikafungulia kitongoji cha juu yake. Kesho ingekuwa hivyo tena, na keshokutwa. Si mengi, lakini ya kutosha kuishi. Vigelegele vilimfikia kutoka bondeni, na Namkunda alijiinamia akacheka na kulia pamoja.

Mashambo alikuja mchana. Namkunda alijiandaa kupigwa, na angekubali kupigwa. Lakini mtu huyu alikuwa amenawa uso, shati limefuliwa, na machoni mwake mlikuwa na amani ambayo hakuitegemea.

"Wamepiga simu kutoka hospitali," alisema. "Mtoto ameongezewa maji, ameanza kunyonya."

"Mungu mkubwa."

"Mama ndiye mkubwa." Aliketi. "Wewe ulimgomea, shemeji, lakini yeye hakutugomea. Alisema nikienda maji yatakuja, na yamekuja. Yamechelewa siku tatu, basi. Sina kinyongo na wewe. Aliyekushinda yupo kaburini." Alifuta jasho. "Kijiji kizima kinalisema jina lake. Na mzee Sempombe naye asubuhi hii amemwaga uji wake kwa kuku. Anasema saa mbili ni za kunywa tu, akienda yeye na mashamba yatapata. Wanawe wanamlilia, lakini kwa kweli wanamsifu pia."

Namkunda aliinuka kwenye jiwe. Mashine ilikuwa imesahau. Watu ndio kwanza wamejifunza.

Alimtazama Mashambo. Ukweli ulikuwa upande wa mama yake huyu mtu. Bila kifo kile mkono usingepata cha kukataa, na bila kukataa maji yasingefunguka. Bibi Nakijwa aliyaleta kweli, kwa njia ambayo hata yeye hakuijua, na mwanawe alistahili kuambiwa hivyo, alistahili aishi nalo na kulisimulia. Lakini ukimwambia Mashambo hivyo leo, mzee Sempombe atakufa Jumatano, na baada yake mwingine, na kila mmoja atazikwa kwa vigelegele. Anayetaka wote wapone angempa nani ukweli?

"Shemeji," alisema. "Mama yako hakuleta maji."

"Nini?"

"Mashine ilikuwa mbovu. Mhandisi alikuwa anaitengeneza. Ilikuwa ifunguke leo, hata kama mama angekuwa amekaa kitandani anakunywa uji wake."

Mashambo alimkodolea macho. "Kwa hiyo angesubiri..."

"Siku nne. Angesubiri siku nne tu."

"Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukamwambia utafungua."

"Nikamwambia nitafungua."

Aliiona ile amani ikimtoka usoni. Ilitoka kidogokidogo, na Namkunda akalazimika kuitazama mpaka imalizike. Mashambo alikunja mkono wa shati lake, akaukunjua. Sauti yake ilitoka nyembamba, si ya mtu mzima.

"Kwa hiyo mama amekufa bure."

"Bure," Namkunda alisema.

Alidhani atampiga. Mashambo alisimama, akashika ukuta wa ndiva kwa kiganja. "Basi nenda ukamwambie mzee Sempombe hivyohivyo," alisema. "Usinitume mimi. Mimi siwezi kulitamka."

Namkunda alishuka naye. Pale Kisingo watu walikuwa bado wamekaa matanga, wake kwa waume, na mzee Sempombe ameketi katikati yao kwenye kiti cha heshima, midomo imeanza kukauka. Namkunda hakukaribishwa kukaa. Alisimama mbele ya watoto wa Bibi Nakijwa, na wajukuu, na vitukuu, akalisema tena, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, kwamba mama yao alijiua kwa kiu na hakuleta tone, kwamba amekufa bure, na yeyote atakayemfuata atakufa bure vilevile. Binti mkubwa wa marehemu alianguka chini akapiga yowe. Mtu akamrushia Namkunda kibuyu, kikampata shavuni.

Hakuondoka. Alikaa palepale amesimama, damu inachuruzika, akimtazama mzee yule tu, muda mrefu, mpaka mzee Sempombe akainamisha kichwa na kumwomba mkwewe uji.